Jina la Kibumba na Jiko la Saba

Jiko la sita lilipasuka Alhamisi asubuhi. Kwaa! Mwasiti akasimama uani, mikono kiunoni.

"Kassimu! Njoo uone, limepasuka tena!"

Mumewe akatoka na kikombe cha chai. "Mke wangu, labda riziki yako iko kwenye dagaa."

"Koma wewe! Dagaa wa soko la Katonga wana wenyewe."

Mwaka jana walihama Ujiji wakaja kujenga katika kitongoji cha Kibumba. Mwasiti amejifunza kutengeneza majiko ya udongo yanayotumia kuni chache. Wanawake wanane wamejiunga naye. Udongo wanautoa ufukweni. Lakini jiko likiona moto tu, linapasuka. Wenzake wameanza kunong'ona. Likipasuka la saba, kikundi ndiyo basi tena, na roho ilimuuma Mwasiti kwa hilo.

Mara hodi. Aliingia binti mmoja na daftari, Honorata, mwandikishaji wa anwani za makazi.

"Mwakeye!" akasalimu kwa Kiha. "Shikamoo mama, shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Mwisho wa mwezi kuna mkutano wa vibao vya majina. Nasikia mnataka kulibadili jina la hapa."

"Ndiyo! Tena ni mimi niliyependekeza. Tuitwe Neema. Kibumba, Kibumba, ndiyo jina gani hilo?"

Kassimu akadakia. "Alikuwa mlevi mmoja, Mzee Kibumba. Alianguka hapa akalala siku mbili."

"Nani kakwambia, baba?"

"Nimekisia."

Honorata alicheka hadi machozi. "Basi tusikisie. Jina la mahali hutudokeza nani alikaa hapo zamani na alifanya nini. Mimi ni Mha. Kwetu, ibumba ni udongo wa kufinyangia vyungu."

Mwasiti akakaza macho. "Unasema hapa palikuwa na wafinyanzi?"

"Bado sijasema. Jina pekee halitoshi, lazima tutafute ushahidi. Mkilima hapa, mnakutana na nini?"

"Vigae!" Mwasiti akajipiga paji la uso. "Vigae vya vyungu, tele! Kila siku navitupa ndoo kwa ndoo. Masikini mimi!"

Honorata akampigia simu bibi yake aliyeko kijiji cha Kidahwe. Wakazungumza Kiha kwa muda mrefu, huku Kassimu akiitikia "ego, ego", yaani ndiyo, ndiyo, kana kwamba anaulizwa yeye.

"Bibi anasema mama yake alinunua vyungu hapa," Honorata akaeleza. "Wafinyanzi walichimba udongo bondeni, siyo ufukweni. Ule wa ufukweni una mchanga mwingi. Tena walitwanga vigae vya zamani, wakauchanganya unga wake na udongo. Chungu hakikupasuka motoni."

Siku hiyohiyo wanawake wakashuka bondeni na majembe. Walipofika kina cha goti, wakakuta udongo wa kijivu unaonata. Wakauanika, wakautwanga, wakauchekecha, wakauchanganya na unga wa vigae na maji, wakafinyanga. Jiko la saba likakaa kivulini wiki mbili mpaka likakauka kabisa, kisha wakalichoma taratibu.

Siku ya kulijaribu, Mwasiti alibandika maharage. Wenzake wakalizunguka jiko. Moto ukawaka, sufuria ikatokota, maharage yakaiva. Jiko zima! Vigelegele vilisikika hadi barabarani.

Kwenye mkutano, mwenyekiti akasema, "Kuna pendekezo la Mwasiti, tuitwe Neema."

Mwasiti akasimama. "Mwenyekiti, naliondoa. Nilitaka kulifuta jina nisilolijua. Sikumuuliza mtu. Kumbe waliotutangulia walituachia kazi na namna ya kuifanya, nasi tunaikanyaga kila siku. Tukilifuta jina lao, wajukuu wetu wataulizia wapi?"

Mwenyekiti akauliza nani anataka Kibumba libaki, na mikono yote ikapanda juu.

Leo kikundi kina wanawake kumi na wanne, na majiko yao yanafika Kigoma mjini. Kila moja limechorwa neno moja kwenye udongo mbichi kabla ya kuchomwa: KIBUMBA.