Vibandiko Juu ya Meza Tupu

Rafiki yangu Kyengo wa mtaa wa Landless hutengeneza mashine za hospitali, na kila nikikumbuka alichonisimulia napandwa na hasira upya.

Aliitwa kliniki moja Ruiru. Daktari wa upasuaji alimpokea kwa kufoka, eti mashine ya kusoma umeme wa ubongo imeharibika. Ngina, mama mmoja wa Gatuanyaga, alikuwa amepewa dawa ya usingizi, na mawimbi ya ubongo wake yakawa mapana na ya polepole, kama inavyotakiwa. Lakini kila mara daktari alipoucheka unene wake na kumwita gunia, mawimbi yaligeuka membamba na ya haraka, kama ya mtu aliye macho.

"Alipoamka alisemaje?" Kyengo akauliza.

"Hakuamka. Wewe fundi tengeneza mashine, hayo mengine hayakuhusu."

Mshenzi yule hata jina la marehemu hakulitaja. Kyengo alilisoma kwenye faili.

Akabandika vibandiko vya mashine kwenye paji la uso wake mwenyewe. Mashine ikasoma sawasawa. Akavibandua, akaviweka juu ya meza tupu ya upasuaji, akingoja mstari ulionyooka.

Mawimbi mapana yakaanza kupita, polepole, na mashine ikitoa mlio mmoja mmoja.

Akadhani ni umeme wa taa unaingilia. Akaizima taa. Chumba hakikuwa na dirisha. Kikabaki kioo cha mashine tu, na mlio.

Mlango ukafunguliwa. "Bado unahangaika na lile gunia?"

Gizani, mlio ukaanza kwenda mbio.