Mikato Isiyo na Majina

Kitambaa kilitoka mtutuni cheusi.

Palwasha alikigeuza, akakisogeza penye mwanga wa dirisha, akakinusa. Baruti. Haikuwa harufu ya mafuta wala ya vanishi mbichi, ilikuwa baruti iliyoungua, inayokereketa pua. Na bunduki ilikuwa mpya. Mumewe, Jandad, alikuwa ameileta jana kutoka mtaa wa mafundi bunduki, imefungwa kwenye gunia, haijapigwa hata mara moja.

"Mtoto wa ami," aliita, "si ulisema hii ni mpya?"

"Mpya kama wewe," Jandad akajibu kutoka uani, mdomo umejaa mkate. "Ni nakala. Ile ya asili waliileta watu wa mlimani, ya enzi za Waingereza, ya risasi moja moja. Fundi akainakili yote. Taji la malkia lipo, kutu ipo. Yule akikosa mkwaruzo mmoja hapati usingizi."

"Na hii je?"

Ubavuni mwa kitako vidole vyake vilikuwa vimekutana na mikato midogo ya kisu, imepangana kama meno.

"Ahaa, hiyo! Mwenye ile ya asili alikuwa akikata mmoja kila akiua mtu."

"Na fundi naye akaikata."

"Angeiacha ingekuwa nakala ya nini?"

"Basi waliokufa kwa hii ni akina nani?"

Jandad akacheka mpaka chai ikampalia. "Hakuna! Ni pambo, mke wangu. Kuta za baraza ya wageni ziko uchi tangu wazee wachukue silaha zetu. Kaka yako akija Idi aone misumari mitupu? Akatucheke kwao?"

Palwasha hakucheka. Nyumba hizi mbili, ya mumewe na ya baba yake, za wajukuu wa babu mmoja, ziliuana miaka mingi kwa ajili ya mfereji wa maji. Majira ya baridi yaliyopita wazee walilaza jiwe la suluhu kati yao, Palwasha akaozwa huku, na sharti likawekwa kwamba majina ya waliouawa, wa upande wowote, yasitajwe tena. Idi hii kaka yake Shamroz angekula chakula ndani ya nyumba hii kwa mara ya kwanza. Katika watoto wa kiume wa baba yake, alibaki yeye tu.

Aliisugua bunduki upya, akaitundika mwenyewe, mdomo ukielekea ukutani.

Kesho yake mdomo ulielekea mlangoni, pale wageni wanapovulia viatu.

"Umeigeuza?" alimuuliza Jandad.

"Niigeuze nina kazi gani?"

Alimtazama usoni kwa muda. Akaamini. Siku ya pili alipoikuta imegeuka tena, hakuuliza, ila aliutazama uso ule kwa muda mrefu zaidi.

Mama mkwe wake, Bakhtawara, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yake yalisikia hata unga ukichachuka. Wakiwa kwenye tanuri, Palwasha akibandika mikate, bibi alisimamisha kichwa.

"Nani amelala barazani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo. Anapumua kama mwenye kifua. Ananuka sufu iliyolowa." Akateremsha sauti. "Na anauliza."

"Anauliza nini?"

"Mkate wako unaungua, binti."

Mchana mmoja wa joto, saa ya kila mtu kujinyoosha, Palwasha alisikia chuma. Chini ya kitako cha bunduki ile kulikuwa na mkono wa chuma. Ukiushusha, tundu la risasi linafunguka, ukiupandisha, linafunga. Ulishuka. Ukapanda. Akavua viatu, akapita uani juu ya udongo uliokuwa ukichoma nyayo, akabana sikio kwenye ubao wa mlango.

"Huyu nani?" Sauti ilikuwa ya mzee, kavu, ya mtu anayepapasa gizani.

"Sijui." Huyo alikuwa Jandad.

Ukucha ulikwaruza mti wa kitako, ukasogea, ukatumbukia katika mkato mwingine.

"Na huyu nani?"

"Sijui, mzee."

"Wana nafasi zao na hawana majina. Nani amenichimbia makaburi matupu? Huyu hapa, nani?"

Palwasha alisikia nzi akigonga dirisha, akasikia mumewe akivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kunyanyua mzigo, na kabla neno halijatoka alikwisha kulijua.

"Shamroz," Jandad akasema.

Jioni alipokunja kizibao cha mumewe alikuta risasi mfukoni. Moja. Bunduki ile haikuhitaji mbili.

"Hii ya nini?"

Jandad aliitazama kama kitu alichookotewa. "Nimepewa," akasema, na hakusema na nani.

Palwasha aliificha ndani ya unga. Asubuhi ilikuwa imerudi mfukoni, nyeupe kwa unga. Ndipo akaenda kupiga magoti mbele ya Bakhtawara.

"Mama, bunduki ile naichoma kwenye tanuri leo hii."

"Ukikichoma kitako, aliyemo atahamia wapi? Kwa mwanangu. Keshaanza kumzoea." Bibi alimpapasa uso, akakuta machozi. "Sikia. Kwetu kaburi likichimbwa, kisha maiti akazikwa kwingine, wanaume wanafanya nini?"

"Wanalifukia siku hiyohiyo."

"Maana likiachwa wazi linamwita mtu. Yule fundi, kwa kupenda kwake usahihi, amechimba na hakufukia. Jini amekuta vyumba vitupu, anatafuta wapangaji. Basi tumpe wapangaji. Wafu tunao wa kutosha, mimi na wewe."

"Lakini sharti la jiwe, mama! Majina..."

"Sharti waliweka wanaume. Nishike mkono."

Ilikuwa magharibi, wanaume wote wako kwenye mapaa wakitafuta mwezi wa Idi. Barazani mlikuwa na baridi ya kisimani. Bunduki ilitazama mlango, nao wakaingia mbele ya mdomo wake, bibi akikokota mguu, Palwasha akisoma Ayat al-Kursi na kuikosea na kuirudia. Bakhtawara akaweka ncha ya kidole kwenye mkato wa kwanza.

"Huyu nani?" ikauliza sauti, karibu mno, na harufu ya sufu iliyolowa ikawajaa kooni.

"Huyu ni Taj Mir, mume wangu. Alipigwa shambani."

Kidole kikasogea. Palwasha akajua ni zamu yake. "Huyu ni Sarbaz, baba yangu. Alikuwa akitawadha."

"Huyu ni Ajmir, kifungua mimba wangu."

"Huyu ni Nangyal, kaka yangu."

Walitaja wakibadilishana, mke wa huku na binti wa kule, majina ambayo hawakuwahi kuliliana, na kila jina lilipotoka mkato ulifunga kama mdomo ulioshiba, na pumzi ile barazani ilipungua, ikapungua, mpaka ukabaki mkato mmoja na wafu wakawa wamekwisha.

"Na huyu?" Sauti ilibembeleza. "Nimeshaambiwa jina lake. Anakuja kesho."

Palwasha alifungua mdomo, hana jina. Bakhtawara akamziba kwa kiganja kilichonuka hiliki.

"Huyu," akasema, "ni Bakhtawara."

Mkono wa chuma ulishuka. Ukapanda. Basi.

Asubuhi ya Idi walimkuta bibi amelala chali, mikono kifuani, hana jeraha. Jandad aliamka kama aliyetoka kwenye homa, hakumbuki risasi yoyote, akalia kama mtoto. Shamroz alifika na kukuta msiba badala ya pilau. Bila kuambiwa alishika mpini wa jeneza sambamba na shemeji yake, na watu wa kijiji walipoona mabega yale mawili pamoja wakanong'ona kwamba hata kufa kwa bibi kumefanya kazi. Palwasha alitazama kutoka juu ya paa, na kwa mara ya kwanza tangu jana akapumua mpaka chini.

Baada ya maziko kaka yake alimjia uani, anaona haya kidogo, kwapani amebana gunia refu.

"Dada, si siku yake hii, najua. Lakini niliinunua kabla sijapata habari, na mgeni wa suluhu haji mikono mitupu. Mumeo aitundike jirani na ile yake. Ni pacha wake kabisa! Yule fundi anazo stoo nzima, anasema msimu huu zinakwenda kama mkate."

Palwasha aliingiza mkono ndani ya gunia. Kidole chake kilikuta mikato, yote iko wazi, imepangana kama meno. Akakitoa. Kilikuwa cheusi.

"Vipi, dada?" Shamroz akauliza. "Huipendi?"

Ndani ya gunia, chini ya kwapa la kaka yake, kitu kilikuwa kimeshaanza kuuliza.