Viti Viwili vya Uzi Mwekundu

Mpira wa kikapu ulikuwa unatoka, muziki unaingia, na wakubwa wanataka ukumbi ugeuke kabla ya adhuhuri, maana kuamuru hakutoi jasho. Fundi sakafu, akirudi kinyumenyume na ubao mikononi, akamkanyaga mshona viti aliyepiga magoti safu ya kwanza, gauni limepauka, sindano mdomoni.

"Baba, miguu ninayo hii miwili tu," mama akamwambia.

Fundi akaomba radhi. Yeye mgane wa miaka sita, yule mjane wa minne, wachovu hutambuana. Tangu hapo kila ukumbi ulipogeuzwa walikula pamoja ngazini, na simu hazikukatika: Baba Mbao huku, Mama Sindano kule.

Wafanyakazi wakaahidiwa kuingia bure kwenye tamasha la Jumamosi mchana. Wawili hawa wakapatana: viti namba kumi na nne na kumi na tano, safu ya kwanza. Fundi akasema ana neno moyoni. Mama naye akasema ana kitu, atakiona akikaa.

Jumamosi fundi akavaa shati alilovaa siku ya kumwoza binti yake. Akakaa kumi na nne. Kumi na tano kikabaki kitupu mpaka ngoma ya mwisho. Hakupiga simu; utu uzima una kiburi chake. Mama naye hakupiga. Wiki tatu wakapishana kama maji na mafuta.

Siku ya kulirudisha jukwaa mahali pake, fundi alivuta pazia jeusi upande wa pili. Nyuma yake, viti viwili vimeshonwa kwa uzi mwekundu, wakati ukumbi mzima ni uzi mweusi. Kimoja kimebandikwa karatasi ya namba sitini na moja. Akaibandua. Chini yake, kumi na nne.

Kumbe Ijumaa wakubwa walihamishia jukwaa upande wa pili na kubadilisha namba za viti, wala hawakumwambia hata mfagiaji. Akakaa pale, akapiga simu.

"Ulikuwa huku?"

"Saa mbili nzima, kwenye uzi wetu mwekundu, natazama pazia," mama akajibu polepole. "Nikasema, haya, kaona sindano zitamchoma."

"Mimi nilikaa kumi na nne ya wakubwa." Akaikunja ile karatasi. "Lile neno langu... nimechoka kula peke yangu. Nije kwa kaka yako kuposa?"



"Njoo. Ila wahi, Baba Mbao, wasije wakabadilisha na namba za nyumba."