Jina Lililotoka Kwenye Spika

Kama umewahi kununua ng'ombe kwenye mnada wa Siongiroi, basi umemsikia Weldon hata kama hukumwona. Alikuwa na Probox nyeupe yenye spika nne juu ya paa, na alitangaza kila kitu: minada, harusi, injili, mazishi. Jamani, mtu yule alipenda kelele! Shida ni kwamba gari lenyewe halikuziweza. Kila besi ikigonga, taa za mbele zilififia. Siku moja bwana harusi alikuwa anakula kiapo, betri ikafa na kipaza sauti kikanyamaza. Watu walicheka mpaka mchungaji naye akacheka.

Jumatatu asubuhi Weldon alikuwa Sotik kwa Ombati, fundi wa umeme wa magari.

"Boss, hii alternator yako, hii ya kuchaji betri, ni ya kuwasha taa na redio tu," Ombati alimwambia. "Muziki yako inakula moto kuliko yenye inaingia. Tuweke alternator kubwa, waya nono, na betri ya pili."

Alivuta alternator kutoka kwenye rundo la vyuma nyuma ya karakana, kubwa kama kichwa cha ndama. Weldon hakuuliza ilitoka kwa gari gani. Ombati akaifunga, akapitisha nyaya nene kama kidole gumba, kisha akabandika kisaa kidogo cha volti kwenye dashibodi.

"Ukiona kumi na mbili, gari imelala, hapo ni betri peke yake. Ukiona kumi na nne, alternator inachaji."

Njiani kurudi Weldon alifungulia muziki hadi mwisho. Wachumaji wa chai waliinua vichwa, na taa hazikufifia hata kidogo. Kisaa kilisoma kumi na nne nukta nne. Aliporudisha sauti chini, ndipo akasikia mlio mwembamba umebaki kwenye spika. Akikanyaga mafuta, unapanda. Akiachilia, unashuka.

"Hiyo ni earth mbaya," Ombati alimwambia kwa simu. "Kwaruza rangi pale waya imeshikana na bodi."

Alikwaruza mpaka bati likang'aa. Mlio haukuondoka. Siku ya tatu, gari likiwa limesimama uani, injini ikinguruma na mguu wake uko chini kwenye nyasi, mlio ulipanda wenyewe. Ukakatika. Ukapanda tena, ukakatika, vipande viwili viwili, kama mtu anayejaribu kusema. Weldon alijiambia kuwa ni earth, akaenda kunywa chai.

Na kwa kweli hakuwa na nafasi ya kuhangaika na mlio. Wiki hiyo hiyo mkewe, Chelangat, alijifungua mtoto wa kiume. Walikuwa wamemngoja miaka tisa. Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na kila moja ilimwacha Chelangat kimya zaidi. Sasa alikuwa anaimba jikoni. Weldon alikuwa tayari kuuza gari, spika na shati la mgongoni mradi mtoto yule aishi.

Jumamosi saa nne asubuhi wanawake walikuja kumpa mtoto jina. Huku kwetu kazi hiyo hufanyiwa ndani, kwa utulivu. Nyanya huita majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi. Wengine husaidia kwa ugoro kidogo puani. Kitu kisichofanywa ni kupaza sauti, kwa sababu anayeita hajui nani mwingine anasikia.

Weldon, kwa furaha na majivuno, akapitisha kipaza sauti dirishani ili wageni walioketi uani chini ya hema wasipitwe. Injini aliiacha ikinguruma.

"Sima hiyo kari," Kogo Chelimo, nyanya yake, alisema, akionyesha gari kwa kidole.

"Kogo, ni ya watu wasikie tu. Kidogo tu."

Mwanamke mzee akamgeukia mtoto.

"Chumo," aliita.

Hakuna chafya.

"Boen. Tonui."

Mtoto alimtazama tu. Kogo akanyamaza kuvuta pumzi, mkono ukielekea kwenye kikopo cha ugoro. Hapo injini ikapanda. Hakukuwa na mtu garini, Weldon alikuwa amesimama mlangoni. Mlio ukapanda kwenye spika zote nne. Ukakatika. Ukapanda.

"Ma-lel."

Midomo ya Kogo ilikuwa imefumbwa.

Mtoto akapiga chafya. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Uani wageni walipiga vigelegele, maana walisikia jina na wakasikia chafya. Ndani hakuna aliyecheka.

"Malel ni nani?" Chelangat alinong'ona. "Kogo, Malel ni nani?"

"Kwetu hakuna Malel," Kogo alisema. Kikopo kilikuwa kimemwangukia miguuni. "Lakini ameitikia. Siwezi kumrudisha."

Saa sita Weldon alikuwa Sotik. Ombati alipolisikia lile jina aliweka spana chini.

"Hiyo alternator ilitoka kwa gari ya kubeba wagonjwa," alisema polepole. "Ilianguka huko Chepseon, ikaingia ndani ya majani chai. Siku mbili watu hawakuiona. Walipoipata, dereva alikuwa ameshakufa, lakini injini bado ilikuwa inanguruma. Alikuwa anaitwa Malel."

Walifungua alternator hapo hapo. Ombati aliivunja kwa nyundo mbele yake, kipande kwa kipande, hadi nyaya za shaba zikatawanyika kwenye vumbi. Gari lilivutwa kwa kamba hadi nyumbani. Weldon aling'oa spika za paani, akatoa betri ya pili, akaiacha Probox kando ya zizi. Mlio ulikwisha.

Ila mtoto hakulia tena tangu siku ile. Alinyonya, alinenepa, alitazama. Chelangat aliacha kuimba jikoni. Alisema akimweka kifuani husikia kitu kinanguruma ndani yake, chini kabisa, bila kupumzika. Weldon alikataa kusikiliza. Aliogopa.

Mwezi mmoja baadaye, alasiri, Weldon alikuwa ameketi ndani ya gari lile akisikiliza habari kwenye redio. Kisaa kilisoma kumi na mbili. Mvua ya mawe ikaanza ghafla. Chelangat alikuwa anatoka shambani na mtoto mgongoni, na gari lilikuwa karibu kuliko nyumba. Alifungua mlango, akaingia, akampakata mtoto.

Kumi na mbili nukta tisa.

Kumi na tatu.

Weldon aliinamia kisaa. Chini ya boneti palikuwa na nafasi tupu ilipokuwa alternator, na mkanda uliokatwa. Injini haikuwa imewaka tangu Sotik.

Kumi na nne nukta nne.

"Zima," Chelangat alinong'ona.

Weldon alizungusha ufunguo. Akauchomoa. Redio ilinyamaza. Alibaki ameushika ufunguo kiganjani, na namba hazikuzimika. Nje mawe yalipiga bati, na katikati ya kelele ile walisikia mngurumo wa injini iliyotulia, ukitoka kwenye mapaja ya Chelangat.

Mtoto alikuwa amelala fofofo.