Siku Niliyoivunja Ndoa ya Dada Yangu kwa Daftari la Ubatizo

"Ndoa hii haiwezi kufungwa! Bwana arusi na bibi arusi ni watoto wa baba mmoja!"

Sauti iliyotamka maneno hayo kanisani ilikuwa yangu.

Na bibi arusi alikuwa Engela, dada yangu wa tumbo moja.

Ndugu msomaji, kaa kitako unisikilize. Mimi, Adriaan Roodt, nina miaka themanini na minne, na sikulelewa kuanika siri za nyumbani uani, sembuse mtandaoni. Lakini nilitenda kosa kwa mkono wangu mwenyewe, nami sina tena wa kumwungamia isipokuwa ninyi.

Ilikuwa Jumapili ya tatu ya kutangazwa ndoa, mwaka 1973, katika usharika wetu wa Kareefontein. Mchungaji aliuliza kama ilivyo ada, "Yupo mwenye pingamizi?" Kwa kawaida watu hukohoa kidogo, naye hugeuza ukurasa.

Siku ile mimi niliinuka kutoka kiti cha wazee, koti jeusi, tai nyeupe, na daftari kwapani.

Engela aligeuka.

"Kaka... unasema nini?"

"Keti, Engela."

"Sikai! Unasema NINI?"

Mchumba wake, Attie Sieberhagen, aliitazama mikono yake kana kwamba imekutwa na kitu cha wizi. Kisha akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Hakurudi.

Sasa niwaeleze ilikuwaje.

Nilikuwa mwalimu wa shule na karani wa kanisa. Vitabu vya ubatizo, vya waumini na vya ndoa vilikaa katika kabati la chuma, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwangu. Ukoo wa Roodt niliufuatilia kizazi kwa kizazi hadi kwenye kurasa zilizoandikwa Kiholanzi cha zamani kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Watu walisafiri siku nzima waje niwatafutie babu zao. Nilijiona mtu mkubwa, msomaji. Sana!

Engela alizoea kunicheka.

"Kaka, wenzako wanachumbia wasichana. Wewe unachumbia marehemu."

"Marehemu hawapayuki," nilimjibu.

"Hata wakipayuka, utawasikia wewe?"

Attie alikuja kwetu kutengeneza mitambo ya upepo inayovuta maji mashambani. Alikuwa kijana mchapakazi, mwenye maneno machache. Alilelewa katika nyumba ya yatima, na hati zake ziliungua pamoja na ofisi ya nyumba ile. Alijua mambo mawili tu. Mama yake aliitwa Dorothea Sieberhagen, naye alikuwa mtu wa wilaya yetu.

Bila hati ya ubatizo hakuna kutangazwa. Basi aliniletea shida yake.

"Mwalimu, nasikia wewe unawajua wote waliobatizwa hapa."

"Wote."

"Hata sisi tusiojulikana?"

"Hakuna asiyejulikana katika daftari, kijana."

Nilimpata kwa muda usiozidi nusu saa. Machi 1946. Mama, Dorothea Sieberhagen. Mahali pa baba, patupu. Jina la mtoto, Adriaan Cornelis. Na Attie, kwetu, ni ufupisho wa Adriaan, jina lililojaa kila nyumba.

Nilimwandikia hati palepale, nikapiga muhuri.

Alipoisoma alikunja uso.

"Mwalimu, hapa inasema Machi. Mimi nakumbuka siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa baridi kali, maji yameganda bombani. Mama mlezi alitupa mkate mkavu wenye kungumanga tuchovye kwenye kahawa, tupate joto. Na hesabu hii inanifanya niwe na miaka ishirini na saba. Mimi niliambiwa nina ishirini na mitano."

"Walezi huchanganya watoto," nilisema. "Daftari la kanisa halisemi uongo."

Alicheka kidogo. "Basi nimezeeka miaka miwili nikiwa nimesimama hapa. Usimwambie Engela."

Ndoa ikatangazwa Jumapili ya kwanza. Ikatangazwa ya pili...

Jumamosi kabla ya ile ya tatu, nilikaa kuandika jina lake katika kitabu changu cha ukoo, kama shemeji. Ndipo kalamu yangu iliposimama.

Adriaan Cornelis.

Hilo lilikuwa jina langu mimi!

Nanyi jueni desturi yetu. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na hakuna mjadala. Mimi nilipewa jina la babu yangu, Adriaan Cornelis Roodt. Na babu alikuwa na mwana mmoja tu... Hendrik, baba yangu.

Kwa hiyo mwanamke asiye na mume akimpa mwanawe wa kwanza jina la babu yangu, anamtaja nani?

Nilikimbilia kanisani, nikafungua kabati, nikatazama safu ambayo sikuijali mara ya kwanza. Safu ya mashahidi wa ubatizo.

Shahidi alikuwa mmoja. Hendrik Roodt.

Jamani!

Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alikuwa hai, lakini mwaka uliotangulia kiharusi kilimnyang'anya ulimi na upande mzima wa kulia. Alikaa kutwa penye dirisha la jikoni, blanketi magotini. Nilimwekea daftari mapajani.

"Baba, huyu mtoto ni wako?"

Aliusoma mstari ule. Machozi yakamtoka.

"Ni wako, Baba?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Na Engela anataka kuolewa naye! Ulijua, ukanyamaza?"

Hapo akaanza kuhangaika. Alitikisa kichwa kukataa, kwa nguvu, mate yakimtiririka. Akaupiga ukurasa kwa mkono wake mzima. Akaonyesha sakafu. Akaupiga tena, akaonyesha sakafu tena, huku akitoa sauti ambayo sikupata kuisikia kwa mwanadamu.

Nilidhani ananiomba niizike aibu yake.

"La, Baba," nilisema. "Dhambi haifukiwi."

Nikalifunga daftari, nikaondoka na ile sauti masikioni.

Mtaniuliza, mbona hukumwambia Engela faraghani? Mbona hukumwendea Mchungaji? Nami najibu kwa aibu... Niliona kwamba ukweli ulioandikwa kanisani ulistahili kusemwa kanisani. Na katika kona moja ya moyo wangu, nilitaka watu waone nilivyougundua.

Baada ya Jumapili ile Engela alifungasha sanduku moja. Nilisimama mlangoni.

"Nimekuokoa na dhambi ya mauti," nilimwambia.

"Kaka, nipishe."

"Siku moja utanishukuru."

"Nipishe, nimesema."

Akaenda pwani, Mosselbaai, akawa mshonaji. Alirudi mara moja tu, mwaka uliofuata, tulipomzika Baba. Hakuolewa kamwe. Kila Krismasi alinitumia kadi yenye jina lake tu chini, wala hakuna neno jingine.

Mimi niliendelea kuwa karani. Nilitoa hati, nilifundisha, nilisifiwa. Miaka thelathini na minane!

Mwaka 2011 usharika wetu uliunganishwa na wa jirani, kwa kuwa vijana walikwisha kuhamia mijini. Vitabu vyote vilitakiwa kwenda kwenye hifadhi ya kanisa, Cape Town. Nikaombwa nitengeneze orodha yake.

Nilikabidhi vyote vya kabati la chuma. Mchungaji mpya akauliza, "Na cha mazishi, Mwalimu?"

"Hicho si changu. Huandikwa na mtunza kanisa."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu tangu enzi na enzi. Karani aliandika waliozaliwa na waliooana. Mtunza kanisa, aliyekuwa pia mchimba kaburi, ndiye aliyewaandika waliokufa, naye alikiweka kitabu chake ghalani, pamoja na sepetu na makopo ya rangi. Katika miaka yangu yote sikupata kukigusa. Niliona ni kitabu cha watu wenye udongo kuchani.

Kililetwa kikiwa na vumbi. Nilikifungua ili nihesabu kurasa tu...

"Agosti 17, 1946. Adriaan Cornelis, mtoto wa Dorothea Sieberhagen. Miezi mitano. Jeneza limetengenezwa na kuletwa na H. Roodt."

Nilisoma mara moja. Nikasoma mara ya pili.

Mtoto wa baba yangu alikufa! Alikufa akiwa wa kunyonya, miaka ishirini na saba kabla sijasimama kanisani!

Na Attie? Niliuandikia usharika ambako nilisikia Dorothea alihamia. Jibu lilikuja baada ya wiki. Agosti 1948, amebatizwa Adriaan Cornelis, amezaliwa Julai. Mama, Dorothea Sieberhagen. Baba, Petrus Maritz, mfanyakazi wa reli, aliyekufa kazini kabla ya ndoa.

Julai, msomaji. Kwetu Julai ndio moyo wa baridi.

Desturi yetu ina tawi jingine, nami nilikuwa nikilifundisha watu kwa mdomo wangu huu. Mtoto akifa, atakayezaliwa baada yake hupewa jina lilelile, jina lisipotee. Dorothea alimfufua mwanawe kwa jina. Katika ukoo wa Roodt nilikuwa nimekwisha kuhesabu watoto tisa wa namna hiyo, nikawawekea alama za wino mwekundu. Lakini huyu mmoja aliyesimama mbele yangu akiwa hai, akiniambia kwa kinywa chake kwamba maji yaliganda, sikumwekea alama.

Na Baba alikuwa akinionyesha ardhi. Mtoto yuko ardhini. Nami nikamhubiria.

Nilipanda basi kwenda Mosselbaai. Engela, mwenye miaka sitini na miwili, alinifungulia, sindano zikiwa zimepangwa kwenye kola.

"Kaka. Umekonda. Ingia, usikanyage kitambaa."

Nilimwekea nakala zote mbili mezani.

Hakuzisoma. Alizisogeza pembeni ili aweke vikombe.

"Engela, tafadhali, soma."

"Nayajua hayo."

"Hujui... Attie hakuwa—"

"Hakuwa ndugu yetu. Najua, Kaka. Najua tangu tulipomzika Baba."

Nilishika ukingo wa meza.

"Mzee Floors, yule mchimba kaburi, alikuja jikoni kuliandika jina la Baba katika kitabu chake," alisema. "Nilikuwa namtilia kahawa. Akafunua kurasa za nyuma, akaniambia, 'Bibi Engela, na yule kaka yako mdogo yumo humu. Baba yako alilibeba jeneza lile mwenyewe, kwapani, kama mkate.' Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile kanisani. Akasema hakuna aliyemwuliza."

"Na Attie?"

"Nilimwandikia. Alinijibu vizuri. Alikuwa ameoa miezi miwili kabla."

Nje mtu alikuwa akimwita mbwa wake.

"Engela... mbona hukuniambia? Miaka yote hii!"

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo!

"Wewe ndiye uliyejua kusoma, Kaka. Nilisubiri usome."

Nikalia, msomaji. Mzee mzima.

"Nifanye nini? Niambie. Nitasimama kanisani, nitayasema yote—"

"Kanisa gani? Si nimesikia limefungwa?"

"Nitamwendea Attie."

"Attie alikufa mwaka juzi. Mkewe aliniletea habari."

"Basi wewe... niseme nini kwako?"

"Hakuna, Kaka. Kunywa kahawa yako. Basi lako linaondoka saa tisa."

Nilikunywa. Alinisindikiza hadi kituoni, akanirekebishia kola ya koti kama alivyofanya tulipokuwa vijana, akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa na gauni la bibi arusi la kumaliza kabla ya Jumamosi.

Haya ndiyo ninayowaachia ninyi mnaotafuta mababu katika vitabu vya kanisa. Daftari halikusema uongo siku ile. Mimi ndiye niliyelisemea. Ukimpata mtu katika kitabu cha waliozaliwa, usimtangaze kabla hujamtafuta katika kitabu cha waliokufa. Na akiwapo aliye hai mbele yako akikwambia kwamba ilikuwa baridi... weka kalamu chini, umsikilize.