Kichwa Kizima Bila Kuinuka

Msusi alikuwa na mikono myepesi. Kusuka nywele ndefu, nyembamba, za mteja kukalia kiti muda wa saa tano, ndiko kulikompa jina mtaani. Lakini tangu ajifungue mtoto wa mwisho, alisuka mistari sita tu na kuwaaga wateja. Watu walisema ana maringo.

"Mama Kicheko amekuja tena," mumewe alimwambia jioni moja. Mume alikuwa fundi redio, mtu wa maswali yasiyokwisha. "Mbona unamkataa? Si mteja wako wa siku zote?"

Msusi aliinamisha kichwa. "Siwezi kuzuia haja kubwa. Nikibanwa, nisipokimbia, inatoka. Juzi ilinitoka mteja akiwa kitini. Nikasingizia simu."

Ilimuuma Fundi kwamba mkewe alibeba jambo hilo peke yake miaka mitatu. Kisha akauliza, "Kwani kitu gani kimelegea humo ndani? Twende tukaulize."

Kliniki, muuguzi hakushtuka hata kidogo. "Mko wengi, dada. Wanaona haya tu. Uzazi mgumu unaweza kuumiza misuli na mishipa ya fahamu."

Daktari alimpima. Wakaanza na kubadili chakula, dawa, na mazoezi ya kukaza misuli ya haja. Miezi ikapita, nafuu ikawa ndogo. Ndipo daktari akapendekeza tiba ya umeme mdogo.

"Umeme?" Fundi alisogeza kiti. "Unaingilia wapi? Unatokea wapi?"

Muuguzi alicheka. "Mishipa ya fahamu hupeleka habari kati ya ubongo na utumbo. Habari zikivurugika, mtu hashtuki mapema. Tunaweka waya mwembamba karibu na mishipa hiyo, chini ya mgongo. Kifaa kidogo kinatuma umeme. Kwanza tunajaribu wiki mbili, kifaa kikiwa nje, kwenye mkanda. Haimfai kila mtu. Kuanzia leo, andika kila siku kwenye kidaftari, haja imekutoka mara ngapi."

Kabla ya majaribio, kidaftari kilionyesha mara tisa kwa wiki mbili.

Siku ya tatu ya majaribio, haja ikamtoka. Msusi alivunjika moyo. Fundi akachukua rimoti ya kifaa. "Tuongeze kidogo." Akaongeza. Akaongeza tena. Kidole gumba cha mguu wa Msusi kikaanza kucheza chenyewe, na nyonga ikamchoma.

"Zima! Mimi si redio yako!"

Wakampigia muuguzi. "Rudisheni chini," alisema, "mpaka asikie mtekenyo mdogo usiouma. Halafu njooni nipime. Fundi, redio ikikoroma, unaongeza sauti?"

"Hapana. Natafuta stesheni."

"Basi na sisi ndivyo tunavyofanya."

Muuguzi akapanga umeme upya. Majaribio yalipokwisha, kidaftari kilisema mara tatu. Daktari akaridhika, na kwa upasuaji mdogo kifaa kikawekwa chini ya ngozi, juu ya tako.

Miezi mitatu baadaye walirudi kliniki. Muuguzi alishika karatasi ya maswali.

"Wiki mbili hizi, mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na umeridhika kiasi gani? Sifuri mpaka kumi."

Fundi alishakadiria moyoni: labda saba.

"Kumi," alisema Msusi.

Kalamu ya muuguzi ilisimama. "Kumi? Na bado imekutoka?"

"Imenitoka. Na nikilalia upande wa kifaa, kinaniuma."

"Sasa hiyo kumi inatoka wapi?" Fundi hakuweza kujizuia.

"Jumamosi nilimsuka Mama Kicheko kichwa kizima. Nywele nyembamba, muda wa saa tano. Alisinzia mikononi mwangu, na mimi sikuinuka hata mara moja." Macho yalimlowa. "Dada, hilo mnaliandika wapi kwenye karatasi yenu?"

Muuguzi aliitazama karatasi. Hapakuwa na nafasi. Akaigeuza, akaandika nyuma.