Theluji ya Studio ya Kivuva

Kompyuta haikuwa imeibwa yote. Kioo kilikuwepo, kibodi ilikuwepo, hata kamera ya Kivuva, mwenye studio, ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake. Kilichokwenda ni lile sanduku la chini tu. Kufuli la mlango lilikuwa limevunjwa, na Inspekta Muthama alikuwa amekwisha kuchoka kabla hata hajaingia ndani.

Ilikuwa Jumapili mchana, Desemba 1998, mjini Salama. Mshukiwa alikuwa seli tayari. Dirie, mfanyabiashara wa mbuzi anayewatoa Kyuso, alikuwa amepanga chumba cha jirani na studio. Alikamatwa kwa ushahidi mmoja: wizi ulifanyika wakati wa ibada, mtaa mzima ulikuwa kanisani, yeye hakuwepo.

"Mwislamu aende kanisani kufanya nini?" Muthama alimuuliza mkuu wa kituo.

"Hiyo utamwambia hakimu. Kesho asubuhi anapelekwa kortini."

Upuuzi mtupu. Mtu akae rumande Krismasi nzima kwa kosa la kutoimba pambio! Dirie mwenyewe aliuliza swali moja tu kutoka nyuma ya nondo: "Afande, mimi naiba kompyuta, nampa mbuzi?"

Muthama akamrudia Kivuva.

"Mwizi ameacha kamera, kitu cha kuuzika hata barabarani. Ndani ya hilo sanduku kulikuwa na nini?"

"Picha tu, afande. Za wateja. Krismasi hii kila mtu anataka theluji."

Theluji. Huku Ukambani, ambako watu walikuwa wakigombania mtungi wa maji! Muthama alihisi kichwa kikianza kuuma.

"Unaitoa wapi?"

"Naitengeneza. Naweka tabaka jeusi juu ya picha, namwaga chengachenga nyeupe, nazivuta zianguke upande, nazififisha kidogo. Halafu naiambia kompyuta iondoe ule weusi, zinabaki zile nyeupe pekee. Kazi ya siku mbili."

Muthama akabandua ukutani picha ya bwana na bibi arusi wakiangukiwa na theluji, akaondoka nayo kama kielelezo. Hakujua kielelezo cha nini.

Juu ya meza yake ofisini palikuwa na picha nyingine. Mulei, mwana wa dada yake Syokau wa Kyuso, amesimama kwenye theluji ya Kanada alikokwenda kusoma mwezi wa Agosti. Barua yake ililetwa kwa mkono na mtu aliyesema katoka safari ya huko. Muthama aliionea fahari picha ile, wageni wote walionyeshwa.

Alitaka tu kulinganisha theluji ya Kivuva na ya kweli, kwani katika kituo kizima hapakuwa na aliyewahi kuiona. Akaziweka picha mbili pamoja, moja juu ya nyingine, akazielekeza dirishani kwenye jua.

Chenga zililaliana. Moja juu ya moja, kuanzia kona ya juu mpaka chini, kama alama za kidole kimoja.

Akakaa. Angeweza kuichana ile picha ya mpwa wake, na kesho Dirie angekwenda kortini, na nani angejua? Akainuka kwa hasira, akarudi studio.

"Theluji yako ni moja kwa wateja wote?"

Kivuva alitahayari. "Niliihifadhi, afande. Nani atarudia kazi ya siku mbili?"

"Na huyu?" Muthama akamwonyesha picha ya Mulei.

"Huyo ni fundi wa redio wa Malili. Alhamisi nilimwambia nitabandika picha zake mlangoni, moja bila theluji, moja nayo, watu waone ujuzi. Akanisihi nisifanye. Nikacheka."

Saa kumi na moja Muthama alikuwa Malili. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa gunia.

"Mjomba," Mulei alisema.

"Niite afande. Hukwenda Kanada?"

"Walininyima viza. Na nilikuwa nimeshaagwa. Kanisa zima la Kyuso lilinichangia, wakaniombea, wakanisindikiza hadi stendi. Mama alishona nguo mpya ya siku hiyo. Ningerudi kuwaambia nini?"

"Kwa hiyo ukavunja mlango."

"Watu wa nyumbani wanapita Salama kila siku. Wangeona ile picha isiyo na theluji."

"Ulijua Dirie yuko seli?"

"Nilisikia saa nane, kwa makanga wa matatu."

"Ukanyamaza."

Muthama alimfunga pingu mwenyewe, mikono nyuma. Njia nzima alikuwa akifikiria jinsi atakavyoanza kumweleza Syokau, na hakupata pa kuanzia.

Kituoni konstebo alifungua seli. Dirie akatoka akijipangusa vumbi, akamwona kijana kaunta, akatabasamu uso mzima. Pingu hakuziona.

"Mulei? Umerudi lini? Ile beberu yangu niliyotoa kwa harambee yako, ilikufikisha Kanada?"

Muthama aliinama chini ya kaunta, akajifanya anatafuta kalamu.